Mabuu wa Inzi na Donda Ndugu

Jambo tunaloliandika leo huenda likamtia kinyaa msomaji aliyeshika kikombe chake cha chai. Twamwomba radhi, lakini hatuliachi. Ni mabuu wa inzi, ambao matabibu wa nchi kadhaa huwatumia kusafishia madonda ndugu.

Mwaka 1917, vitani Ufaransa, daktari wa Kimarekani William Baer aliwapokea askari wawili waliolala uwanjani siku saba, mapaja yamevunjika, madonda yamejaa mabuu. Alipowaosha alikuta nyama nyekundu iliyo hai. Baadaye akaijaribu njia hiyo Baltimore, na taarifa yake ikachapishwa mwaka 1931. Baadhi ya wagonjwa wake walipatwa na pepopunda, naye akatambua kwamba mabuu lazima watakaswe vijidudu kwanza. Mwaka 2004 Marekani iliruhusu wauzwe kwa cheti cha daktari.

Kazi yao ni nyepesi kueleza. Buu wa inzi wa kijani hutema maji yanayoyeyusha nyama iliyokufa, kisha huyanywa. Nyama iliyo hai haimfai. Hufungiwa kidondani kwa shashi siku mbili tatu, kisha huondolewa.

Visiwani mwetu mwenye kisukari hujikwaa asihisi, akaficha mguu kwa kuona haya ya harufu, na anapofika hospitali daktari ameshika msumeno. Mguu wa mvuvi au wa mkwezi wa minazi ukikatwa, nyumba nzima imekatwa riziki.

Wapo watakaosema mabuu ni najisi. Hilo wanavyuoni wana kauli yao juu ya dharura, nasi hatuwatangulii. Lakini atakayesema kufuga inzi ni upuuzi, huyo amesahau upesi. Mbung'o wa Unguja walimalizwa na mbung'o wenziwe, madume waliofugwa Tanga, wakahasiwa kwa mionzi na kumwagwa kutoka angani, hata ilipofika mwaka 1997 kisiwa kikatangazwa kuwa kimesalimika. Ng'ombe walipata faida ya elimu hiyo, binadamu je?

Hatusemi kwamba hii ni dawa ya kila kitu. Utafiti wa Uingereza uliotolewa mwaka 2009 ulionyesha kwamba mabuu husafisha donda la mguu upesi zaidi kuliko dawa ya kupaka, lakini donda halikufunga mapema zaidi, na maumivu yalizidi. Kisukari chenyewe hakina budi kutibiwa. Hata hivyo, penye uhaba wa madaktari wa upasuaji, kusafisha upesi si jambo dogo.

Wenzetu wa Kenya, katika shirika lao la utafiti wa kilimo na mifugo, KALRO, wamekwisha kufuga mabuu wa tiba. Tunaiomba Wizara ipeleke huko wauguzi na mtaalamu wa wadudu wakajifunze, kisha ijaribu katika wodi moja, chini ya macho ya daktari. Na mwananchi asije akaanika donda lake kwa inzi wa jaani akidhani ametibiwa. Hao huleta pepopunda.