Mtungi wa kuzima moto si pambo la ukuta

Ndugu na dada wa Lubumbashi,

Juzi tulipanda nyumba moja ya etaji katikati ya mji, pale vijana wengi wanaendaka kusoma kompyuta. Mtungi wa kuzima moto uko, umetundikwa muzuri kabisa. Lakini mshale wake umelala kwenye rangi nyekundu: presha imeisha. Mlango wa nyuma uko na kufuli. "Ni juu ya wezi," mlinzi akatuambia. Na ufunguo? "Patron njo anao." Patron yuko wapi? "Alisafiri."

Hatutaji nyumba ile, juu haiko peke yake.

Sisi wote tunajua namna moto unatukujiaka. Umeme unakatika, watu wanawasha mishumaa na groupe. Umeme unarudi na nguvu, waya za zamani zinaungua. Chini duka la vitambaa, juu darasa, ngazi ni moja tu. Siku ile, mtungi uliokufa hauna faida kuliko ndoo iliyotoboka.

Tatizo si kununua. Mwenye nyumba ananunua siku ya kufungua, anaonyesha karatasi, basi imeisha. Lakini poda inagandamana ndani ya mtungi, presha inatoka pole pole, betri za kengele zinakufa. Vitu hivi vinahitaji fundi kila mwaka. Kontrole inakuja, inauliza karatasi, haigusi hata mtungi.

Nani iko na uwezo wa kubadilisha hii? Tarehe 20 Desemba 2023 tulichagua washauri wa komini. Mwaka 2006, 2011 na 2018 hatukupewa kura hiyo. Katiba, kifungu cha 3, inasema komini inajiongoza na kusimamia mali yake. Sheria ya tarehe 7 Oktoba 2008 inalipa baraza la komini haki ya kuamua mambo ya komini, na bourgmestre anatekeleza. Basi mshauri asitujibu eti anangojea Kinshasa.

Kwa mabaraza ya komini zote 7 za mji wetu, tunadai:

1. Kila nyumba inayopokea watu wengi (shule, kanisa, hoteli, bar, home ya wanafunzi, duka kubwa) ichunguzwe na fundi kila mwaka. Tarehe na jina la fundi vibandikwe kwenye mlango wa kuingia.

2. Komini iwe na kitabu cha nyumba hizo, na kila raia aweze kukisoma.

3. Watu wakiwa ndani, mlango wa kutokea usifungwe na kufuli.

4. Agent asiye na ordre de mission arudi alikotoka. Na hakuna kulipa pesa mkononi.

Kuna wenye watasema: "Munawafungulia ma-agent mlango mwingine wa kula." Woga huo ni wetu pia. Ndiyo maana tunataka tarehe ibandikwe mlangoni: agent asiwe mtu wa pekee anayejua ukweli. Hatuombi kodi mpya. Mwenye nyumba amlipe fundi mwenyewe. Anayepokea loyer kila mwezi hawezi kukosa pesa ya mtungi mmoja. Mama wa bar ndogo apewe miezi sita, na aanze na ndoo ya mchanga.

Na sisi raia? Wiki hii, pale unasomea, unafanyia kazi ama unasalia, angalia vitu vitatu: mtungi uko wapi, mshale uko kwenye kijani, mlango wa pili unafunguka? Uliza mwenye nyumba kwa heshima. Asipojibu, andikia mshauri uliyemchagua, na umwombe alete jambo hilo kwenye baraza.

Tumezoea kuchanga pesa za matanga. Mara hii tudai kwanza, wenzetu wakiwa wangali wazima.