KIPIGO HAKINA JINSIA!
Kulikoni Tukuyu? Mume akipigwa na mkewe, kijiwe kizima cha stendi hucheka hadi machozi: "Kakaliwa chapati!" Mke akipigwa, kijiwe hicho hicho husema: "Kakosa adabu huyo." Mmoja anachekwa, mwingine analaumiwa, mpigaji haulizwi kitu!

Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, kifungu cha 66, inasema hakuna mwanandoa mwenye haki ya kumchapa mwenzake, hata mila ikiruhusu. Haikuchagua mume wala mke. Lakini ni kifungu kibogoyo: hakikutaja adhabu, na vigogo wa CCM wamekiacha hivyo hivyo.

Vijana wa Rungwe, tunapinga ubabe wa Serikali huku nyumbani tunatawala kwa ngumi? Anayedai haki Ikulu aanze nayo chumbani!