Tahadhari: Kibali cha Moto cha Mji wa Jirani Hakikuhusu

Ndugu zangu mlioko Massachusetts, ukipokea kwenye simu ujumbe wa sauti unaosema msimu wa kuchoma umefunguliwa, watu wasafishe viwanja, usiusambaze kabla ya kusoma haya.

Ni kweli jimbo linaruhusu kuchoma matawi nje kuanzia Januari 15 hadi Mei 1. Lakini kuna miji 22 ambako ni marufuku mwaka mzima, na humo ndimo wengi wetu tunamoishi: Worcester, Springfield, West Springfield, Lowell, Lawrence, Boston, Chelsea. Humo hakuna kibali cha kuomba, hata ukienda mwenyewe kituo cha zimamoto. Aliyerekodi ujumbe huenda anakaa kamji ambako anaruhusiwa. Moto ule ule, kwake halali, kwako kosa.

Hata kwenye miji inayoruhusu, kibali hutolewa na zimamoto wa mji wako, si wa mji wa shemeji yako. Na kuwa na karatasi hakutoshi. Miji mingi inakutaka upige simu asubuhi ya siku hiyohiyo, kwa sababu mkuu wa zimamoto huangalia upepo na ukavu kwanza. Akisema leo hapana, ni hapana. Upepo ukibadilika mchana, anaweza kukwambia uzime, nawe unatakiwa uzime papo hapo. Muda ni saa nne asubuhi hadi saa kumi jioni, futi 75 kutoka kwenye nyumba yoyote, na mtu mzima asiondoke hapo mpaka moto ufe. Kinachochomwa ni matawi na vichaka. Majani makavu, nyasi, takataka, matairi, mbao za ujenzi, hapana. Pipa la kuchomea pia hapana. Petroli ya kuwashia ndiyo kabisa usiiguse.

Najua tulivyolelewa. Kule Fizi, Kongo, tulichoma shamba kabla ya mvua, majirani wamejipanga na matawi mabichi mkononi, wazee wanautazama upepo. Hapa uko peke yako uani, nyuma yako msitu, ubavuni nyumba ya mbao ya jirani.

Aprili ndiyo inayonitia hofu zaidi. Theluji imeyeyuka, miti haijachipua, na nyasi za mwaka jana zimelala chini kama karatasi. Nimewahi kuchokoa kwa reki jivu lililoonekana limepoa tangu jana yake. Juu lilikuwa jeupe, baridi. Chini, kati ya mizizi, kulikuwa na kaa jekundu linapumua. Upepo mmoja tu ungetosha. Mwagia maji, koroga kwa koleo, mwagia tena, kisha sogeza kiganja karibu usikie kama bado kuna joto.

Moto ukikuponyoka, piga 911 hapohapo, kabla hata hujakimbilia ndoo. Kiingereza kikikupiga chenga, sema "fire", taja anwani yako, kisha sema "Swahili" wakutafutie mkalimani. Usisite kwa kuogopa faini. Ukichelewa, utakacholipa ni kikubwa zaidi, maana aliyechoma bila kibali anaweza kudaiwa gharama ya kuuzima.

Na aliyekutumia ule ujumbe wa sauti, mtumie huu leo, kabla hajawasha.