Goti Langu Liko Mapokezini

Kuna hoteli moja Westlands, hatua chache kutoka Waiyaki Way, iliyosimamisha densa wa chuma pale mapokezini. Mgongo umepinda, mkono mmoja juu, goti limekunjwa. Goti hilo ni langu. Nililikunja hivyo usiku wa ufunguzi, tulipocheza kwa nauli na sahani ya pilau huku kamera zao zikirekodi kila kitu. Kibao kilicho chini yake kinasema “Mdundo wa Afrika.” Manze, Afrika nzima imetajwa, mimi sijatajwa.

Na msiniambie eti ni heshima. Mwaka 1892 Loïe Fuller, Mmarekani aliyecheza akizungusha hariri mita kwa mita chini ya taa za rangi, alimshtaki densa mwenzake huko New York kwa kumwiga. Akashindwa. Mahakama ilisema densi yake haisimulii hadithi yoyote, kwa hivyo sheria ya hakimiliki haiilindi. Mwaka huohuo akavuma Paris, na baada ya miaka michache wachongaji walikuwa wakimkimbilia. Raoul Larche alimtengeneza kuwa taa ya mezani, shaba iliyopakwa dhahabu, balbu zimefichwa ndani ya shela inayopepea juu ya kichwa. Pambo tu, sikatai. Lakini mpaka leo taa hiyo ikipelekwa mnadani, inaitwa kwa jina lake.

Hapa kwetu Opiyo Okach, Faustin Linyekula na Afrah Tenambergen walianzisha kundi la Gàara miaka ya 1990, densi ya kisasa ilipokuwa bado ngeni Nairobi. Mimi sijaona sanamu ya hata mmoja wao. Kimathi anayo tangu 2007, Mboya tangu 2011, na majina yao yameandikwa. Densa akichongwa anaitwa “utamaduni,” na utamaduni haudai doo.

Mchongaji sina ubaya naye. Yeye pia alilipwa mara moja tu, tena kwa kuchelewa. Shida yangu ni aliyeandika kibao.

Wiki iliyopita nilienda kumwomba meneja akibadilishe. Akaniuliza nina ushahidi gani kwamba lile goti ni langu. Nikalikunja papo hapo, kati ya wageni na masanduku yao. Mtalii mmoja akapiga picha. Soja akanitoa nje.

Nitarudi Ijumaa, na sitakuja peke yangu.