Kipindupindu: Kuchelewa Ndiko Kunakomaliza Dripu

Janga la saba la kipindupindu lilianzia Indonesia mwaka 1961 na mpaka leo halijakoma. Lilipoingia Afrika mwaka 1970 halikutoka tena. Malawi, kati ya 2022 na 2023, ilihesabu wagonjwa karibu 59,000 na kuzika watu zaidi ya 1,700. Januari 2024 jiji la Lusaka liligeuza uwanja wa mpira kuwa kituo cha tiba. Mlipuko huo wa Zambia uliua zaidi ya watu 700, na wengi wao hawakufika kituoni wakiwa hai. Nasi tuna makaburi yetu. Mlipuko ulioanzia Dar es Salaam Agosti 2015 ulitambaa hadi karibu kila mkoa, ukawapata zaidi ya watu 30,000 na kuua zaidi ya 500.

Namna ugonjwa huu unavyoambukiza haihitaji kuelezwa upya. Kila mtu mzima nchini anaijua. Kinachotutia hofu ni kwamba bado tunaupangia kama ugonjwa wa hospitali: tunahesabu vitanda, tunahesabu chupa za dripu, kisha tunawasubiri wagonjwa waje. Wagonjwa wanane kati ya kumi hupona kwa kunywa tu maji ya ORS, yaani mchanganyiko wa chumvi na sukari, mradi wayapate mapema. Pakiti moja ya ORS huchanganywa na mama jikoni kwake, bila daktari. Lakini mgonjwa huyohuyo akicheleweshwa saa chache, macho yakadidimia na mapigo ya moyo yakawa hayasikiki mkononi, atahitaji lita nane hadi kumi za dripu, kitanda, na muuguzi wa kumwangalia usiku kucha. Kila saa inayopotea inamtoa mtu kwenye kundi la wanaotibika kwa pakiti na kumtia kwenye kundi la wanaogombea dripu. Sehemu kubwa ya uhaba tunaoulilia, basi, tunauzalisha wenyewe.

Mwaka 1971 vita vya Bangladesh viliwafukuza mamilioni ya watu hadi India. Katika kambi ya Bongaon, karibu na mpaka, daktari Dilip Mahalanabis aliona dripu zikimwishia huku wagonjwa wamelala sakafuni bila nafasi ya kupita kati yao. Aliamua kuwanywesha maji yenye chumvi na glukosi, yaliyochanganywa na kuwekwa kwenye mapipa, na kazi ya kunywesha akawapa ndugu wa wagonjwa. Madaktari wengi wa zama zile hawakuiamini tiba hiyo. Vifo kambini, vilivyokuwa vikikaribia theluthi ya wagonjwa, vilishuka hadi chini ya asilimia 4. Hali yake ilikuwa mbaya kuliko ya hospitali yetu yoyote ya wilaya leo, na bado aliweza, kwa sababu hakungoja shehena ya dripu ifike ndipo aanze kutibu.

Wapo wanaoweka matumaini yote kwenye chanjo. Chanjo ni nzuri, ila ni chache. Akiba ya dunia iliyoanzishwa mwaka 2013 ilipungua kiasi kwamba Oktoba 2022 wasimamizi wake waliamua kila mtu apewe dozi moja badala ya mbili. Mwisho wa 2023 kiwanda kimoja cha India kiliacha kuitengeneza, na kwa muda akiba hiyo ikabaki ikitegemea kampuni moja ya Korea Kusini. Zaidi ya hayo, mwili huhitaji takriban wiki moja baada ya dozi ili upate kinga, na wiki moja ni muda mrefu mno mtaa ukishaanza kuugua. Zanzibar ilionesha njia mwaka 2009, ilipowachanja kwa dozi mbili karibu watu 24,000 wa maeneo hatarishi ya Unguja na Pemba. Kinga yao iliwafaa hata majirani ambao hawakuchanjwa. Chanjo chache zikipelekwa mapema kwenye shehia na mitaa inayojulikana kwa kuugua, zinaokoa wengi. Zikiombwa baada ya maiti ya kwanza, huchelewa.

Kwa nini basi tunachelewa, ilhali haya yote yanajulikana? Jibu ni woga wa kutangaza, na woga huo una historia. Mwishoni mwa 1997 na mwanzoni mwa 1998, Umoja wa Ulaya ulizuia samaki wabichi kutoka Tanzania, Kenya, Uganda na Msumbiji kwa sababu ya kipindupindu, na wavuvi na wenye viwanda wa Ziwa Victoria wakaumia. Tangu hapo, kiongozi wa wilaya anapoletewa taarifa ya mgonjwa wa kwanza hufikiria soko, watalii na kiti chake. Tunauelewa woga huo, lakini hatuukubali. Kimya hakikuwahi kuzuia habari za ugonjwa. Huacha nafasi na uvumi huijaza. Aprili 2024, pwani ya Nampula nchini Msumbiji, watu waliokuwa wakikimbia kipindupindu kwa sababu ya uvumi walijazana kwenye chombo cha uvuvi kisichofaa kubeba abiria. Kilizama, na karibu watu 100 wakafa maji, wengi wao watoto. Hawakuuawa na ugonjwa wenyewe.

Hukumu yetu ni kwamba halmashauri itangaze mlipuko siku ambayo mgonjwa wa kwanza anathibitishwa, bila kusubiri ruhusa kutoka juu, na anayezuia tangazo hilo awajibishwe kwa vifo vitakavyofuata. Vituo vya kunyweshea ORS viwekwe mitaani, kwa mwenyekiti wa mtaa, kwenye zahanati, sokoni na kwenye mialo ya wavuvi, ili dripu zibaki kwa waliozidiwa kweli. Wahudumu wa afya ngazi ya jamii, ambao Serikali iliahidi mwaka 2024 kuwaandaa zaidi ya 137,000 ndani ya miaka mitano, waanzie kwenye kata zenye historia ya ugonjwa, na wakiwa na pakiti na klorini mkononi. Misikiti na makanisa yatangaze kipimo cha nyumbani hadi kila mtoto akijue: lita moja ya maji safi, vijiko sita vya chai vya sukari na nusu kijiko cha chumvi, vyote vya kusawazisha. Mgonjwa ayanywe maji hayo akiwa njiani kwenda kituoni. Yasiwe sababu ya kubaki nyumbani.

Na tuache desturi ya kuanza na mama lishe. Kufunga vibanda vyao ni hatua inayoonekana haraka, lakini kisima kilichopakana na choo hubaki kikichotwa asubuhi na jioni. Kisima hicho ndicho kipewe mtu wa kukitia klorini kila siku, na alipwe.

Haya yote ni nafuu kuliko gharama ya kambi za wagonjwa zilizojaa. Fedha za pakiti, klorini na posho za wahudumu zitoke wizarani na kufika kwenye halmashauri kabla ya Machi, mvua za masika zinapoanza.