Mpapai na sifa zisizo zake

Nyangwe, ukingoni mwa mto Lualaba, mpapai huota nyuma ya jiko hata bila kupandwa. Pengine ndiyo maana umebebeshwa sifa kupita uwezo wake.

Kwanza nimjibu msomi wa mjini, anayedai kupaka papai kidondani ni ujinga wa vijijini. Sivyo. Katika Hospitali ya Royal Victoria, Banjul, Gambia, papai lilipondwa na kupakwa kila siku kwenye majeraha ya watoto walioungua, na habari hizo zikachapishwa katika jarida la kitabibu mwaka 1999. Papai, hasa bichi, lina papaini, kimeng'enya kinachoyeyusha nyama iliyokufa.

Sasa niwajibu wanaolisifu kupita kiasi. “Basi utomvu mweupe ni bora zaidi.” Hapa ndipo watu wanapoumia. Utomvu una papaini nyingi mno: huchoma ngozi nzima, na ukiingia jichoni ni balaa. Huko Kivu Kaskazini hugemwa na kukaushwa uuzwe ng'ambo, lakini ni mali ya kiwanda hiyo, si ya kupaka mtoto. Tena kuna miili isiyoivumilia papaini kabisa. Mwaka 2008 Marekani iliagiza dawa za kupaka zenye papaini, zilizouzwa bila idhini, ziondolewe sokoni, kwa kuwa baadhi ya wagonjwa walipatwa na mzio mkali, presha ikashuka na moyo ukaenda mbio.

“Papai huponya kila jeraha.” Papai husafisha, kupona ni kazi ya mwili. Mkato mpya wa panga hauna nyama iliyooza, basi papai lisafishe nini? Osha kwa maji safi na sabuni, kandamiza kwa kitambaa safi.

“Aliyeungua apakwe mawese kwanza.” Mafuta hayapozi moto. Mwagia maji ya baridi kwa dakika ishirini hivi. Mawese yabaki kwenye sombe.

“Ukipaka papai, pepopunda haikupati.” Kinga ni chanjo. Aliyechomwa na msumari aende kituo cha afya.

Lipo dai moja linaloniudhi: kwamba donda la miezi, lisilouma, linataka papai zaidi na subira. Huenda ni Buruli, ugonjwa uliopewa jina la eneo la Uganda. Vijidudu vyake hula chini ya ngozi, mbali na pale papai linapofika. Hutibiwa kwa rifampisini na klarithromisini, wiki 8, na kila mwezi unaopotea huongeza nyama ya kukatwa.