Akiba Haiozi

Wakulima wa Ukambani, mvua imebadilika. Toka mwisho wa 2020 hadi mwisho wa 2022 misimu mitano ilifuatana bila mvua ya kutosha. Kisha 2024 yakaja mafuriko nchini.

Lakini sisi twavuna leo, twauza mahindi yote kwa bei ndogo, halafu twayanunua kwa bei kubwa watoto wakiwa na njaa. Je, hii ni akili?

Kila mwenye nyumba na akae na mkewe, wahesabu mahindi ya kula mpaka mavuno yajayo, wayakaushe vizuri, wayaweke ghalani, wauze ziada tu. Kisha wachimbe matuta mapema, na pamoja na mahindi wapande mtama na mbaazi.

Mvua hatuna amri nayo, lakini ufunguo wa ghala tunao.